Wiki Mbili za Shemeji Jenerali

Castle Vale, Birmingham
18 Septemba 2023

Dada Balwinder,

Sat Sri Akal. Natumai barua hii itakukuta mzima, na magoti yako yamekubali kupanda ngazi. Sisi huku hatujambo. Rajni wangu anakusalimu na anauliza kama zile mbegu za sukuma wiki utazituma au kuna mahali amekukosea. Baridi yenyewe bado, lakini imeshatanguliza wajumbe.

Najua umeshangaa kuona stempu. Simu yangu haina kosa. Kosa ni la shemeji yetu. Amejifanya msimamizi wa kundi letu la WhatsApp, akalibadilisha jina kutoka "Familia" kuwa "Makao Makuu", na tangu hapo kila ujumbe unaoingia kwenye simu yangu anausoma kwa sauti mezani, kisha anausahihisha. Kipunjabi anasoma, Kihindi anasoma, Kiurdu na Kiingereza pia. Kiswahili ndicho kilichomshinda. Basi tuandikiane kwa Kiswahili chetu cha Kisumu, kwa kalamu, kama zamani.

Huyu mtu alisema anakuja kwa wiki mbili. Nilikwenda kumpokea kituo cha mabasi cha Digbeth, akashuka na masanduku matatu ya chuma ya rangi ya kijani, kila moja limeandikwa MEJA JENERALI TARSEM SINGH (MSTAAFU). Dereva akamwuliza ndani mna nini. "Historia," akajibu. Hiyo historia niliibeba mimi mpaka kwenye gari, na mgongo haujanisamehe. Sasa tuko wiki ya sita.

Saa kumi na moja alfajiri anapiga filimbi. Amepanga chupa za viungo vya Rajni kwa urefu, kama askari. Asubuhi Rajni akamtilia pilipili kwenye chai. "Samahani, Jenerali," akasema, "iliyosimama mahali pa sukari ilikuwa pilipili." Nilipomweleza kuwa mtaa wetu umejengwa juu ya uwanja wa ndege wa zamani wa vita, alitoka nje akapiga saluti. Mbele yake palikuwa na maegesho ya duka kubwa. Mzee mmoja aliyekuwa akisukuma toroli la ununuzi akamrudishia saluti.

Kila chakula cha jioni tunapigana vita vya India vya mwaka sabini na moja, pale alipovusha kikosi chake mto akiwa kapteni. Mara ya kwanza maji yalimfika magotini. Juzi yalifika kifuani. Nikimwacha mpaka Krismasi atakuwa amezama.

Sasa, dada, nyumba yako ina vyumba vinne na wewe ni mmoja. Mzee wa miaka sabini na minane ataumia na baridi ya huku, na Nakuru kuna jua. Unaonaje akija kwako kuanzia Novemba?

Mdogo wako,
Lakhbir


Nakuru
12 Oktoba 2023

Lakhi,

Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena, kwa hiyo posta nzima ya Nakuru inajua habari za chupa za Rajni. Mimi nipo. Magoti yamegoma lakini mdomo unafanya kazi. Duka linakwenda, sare za shule hazina msimu mbaya, kwa sababu watoto hawajaacha kukua. Mbegu nimezifunga kwenye soksi, zitakuja na mtu. Mwambie Rajni kosa si lake.

Kuhusu mgeni wako. Ningependa sana, ila vyumba vinapakwa rangi. Vyote vinne. Fundi ni mmoja, na ni mtu wa taratibu. Halafu kuna mbwa. Mbwa wangu hapatani na watu wenye masharubu. Aliwahi kumng'ata mhubiri.

Lakini nikuulize wewe: amekwambia kwa nini alikuja? Umejaza kurasa mbili na hilo hukuliandika. Mtu aliyekuwa akionekana kwenye televisheni ya India kila jioni kwa miaka mingi, leo anakuja kupanga bizari zenu. Wewe hujiulizi?

Kula vizuri. Usibebe tena masanduku ya watu.

Dada yako,
Balwinder


Castle Vale
24 Novemba 2023

Dada,

Sat Sri Akal kutoka kwenye ukungu. Mbegu zimefika, na soksi Rajni ameivaa. Binti yetu alipata homa, sasa amepona. Nimepita Washwood Heath juzi, pale kilipokuwa kiwanda chetu cha magari. Ujana wangu wote niliuacha pale nikifunga milango ya vani, na sasa wanajenga karakana ya treni ziendazo kasi. Nilisimama kidogo nikaondoka.

Uliniambia nimwulize kwa nini amekuja. Nilimwuliza. Alijibu, "Hali ya hewa." Dada, mtu ameacha India akaja Birmingham kwa ajili ya hali ya hewa!

Lakini habari kubwa ni uchaguzi. Tuna ukumbi wa mtaa hapa, na kila Jumatano wazee hupata chakula cha mchana. Mwenyekiti wa kamati ni Bi Mwanamize, Mzanzibari mjane wa mtaa wa pili, sote tunamwita Bi Mize. Ana miaka tisa kwenye kiti hicho na hakuna aliyewahi kumpinga, kwa sababu hakuna mwingine anayejua funguo ziko wapi. Nilimpeleka Jenerali ukumbini ili Rajni apumue. Akaitazama foleni ya chakula, akatikisa kichwa, na kabla ya supu kupoa alikuwa ametangaza kugombea uenyekiti.

Unakumbuka aligombea ubunge kule kwao, akawa wa sita kati ya sita? Somo alilopata ni kwamba hakutumia vipaza sauti vya kutosha. Akafunga kimoja juu ya gari langu. Nikamwendesha mtaa mzima, mwendo wa maziko, yeye amesimama na kichwa chake kimetokeza kwenye dirisha la juu, shada la maua ya plastiki shingoni, akitangaza: "Nidhamu! Ulinzi! Chai ya moto!" Mama mmoja akamwuliza, ulinzi dhidi ya nani? Akafikiri kidogo, akasema, "Erdington." Erdington ni mtaa wa jirani, dada. Ndiko aliko daktari wetu wa meno.

Siku ya kura watu walinyoosha mikono. Yeye alipata minne: wake, wangu, na ya wazee wawili waliodhani wanaulizwa nani anataka chai. Rajni alimpigia Bi Mize, na alinyoosha mikono yote miwili.

Nilidhani atafungasha masanduku siku hiyohiyo. Bi Mize akamwendea, akamwambia, "Jenerali, pole, bwana. Hebu nisaidie kukunja viti." Alisimama pale kama mtu aliyesahau amri inavyopokelewa. Kisha akavua shada lake, akaviendea viti.

Rangi imekauka?

Lakhbir


Nakuru
18 Desemba 2023

Lakhi,

Nimekusoma dukani nikacheka mpaka mteja akarudisha soksi, akidhani namcheka yeye. Erdington! Msalimie huyo Bi Mize. Mwanamke anayejua funguo ziko wapi hahitaji kampeni.

Mimi mzima. Mvua imezidi, na paa la stoo linavuja pale pale lilipovuja mwaka jana.

Rangi imekauka, ndiyo. Lakini Januari shule zinafunguliwa, na vyumba vyote nimevijaza sweta. Hakuna pa kuweka hata mto wa kulalia.

Sasa fungua YouTube ukiwa peke yako. Andika jina lake, halafu andika "jenerali mwoga". Mimi niliiona siku yenyewe. Dishi langu linashika vituo vyote vya huko. Sikukwambia kwa sababu halikuwa langu la kusema. Na pia kwa sababu nilipoiona nilifurahi, na kule kufurahi kwangu hakukunipendeza.

Balwinder


Castle Vale
29 Januari 2024

Dada mpendwa,

Heri ya mwaka mpya, ingawa utaipata ukiwa umeshazeeka. Theluji ilianguka siku moja ikajuta. Rajni ana kikohozi, anatumia tangawizi na ukaidi.

Nimeitazama ile video, nimejifungia bafuni kama mvulana anayevuta sigara. Nadhani uliyoyaona wewe ndiyo niliyoyaona mimi: watu sita kwenye visanduku, wote wanapiga kelele, chini ya skrini wamechora moto. Nikatazama na zile za zamani, na Tarsem ndiye aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote. Kila jioni alikuwa anateka mji mmoja akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu cha ofisi. Nilimwonea haya. Halafu ikaja ile ya mwisho. Yule mtangazaji kijana mwenye tai nyekundu anamwuliza, "Jenerali, tupe idadi! Siku ngapi tuwe kwenye mji mkuu wa majirani?" Naye ananyamaza. Ananyamaza mpaka wale watano wengine nao wananyamaza. Kisha anasema, "Una mtoto wa kiume? Mtangulize huyo, halafu tuhesabu siku pamoja."

Na kwa hayo tu wakamwita mwoga! Chama chake kilimnyang'anya kadi. Klabu ya maafisa wastaafu, aliyoiongoza yeye mwenyewe, ikateremsha picha yake ukutani. Vijana wakachoma sanamu yake barabarani, wameibandika masharubu ya katani. Miaka thelathini na sita jeshini, milima, barafu, risasi ya paja, halafu masharubu ya katani.

Sikumwambia kuwa nimeona. Nilimpikia chai tu. Akaniambia majani ni machache.

Siku hizi kila Jumatano yuko ukumbini kabla ya Bi Mize. Anapanga viti kwa kamba ili mistari inyooke, na Bi Mize anavivuruga makusudi. "Jemadari," anamwambia, "wazee si gwaride. Bwana Haidari na Bi Zuleha wamegombana, huwezi kuwaweka mstari mmoja." Naye anahamisha. Bi Mize anamfundisha Kiswahili pia. Mpaka sasa anajua "kunja", "chai", "kelele" na "bado".

Nakuomba tena habari ya Nakuru, lakini safari hii si ombi langu. Barua yako ikija Tarsem huniuliza, "Ameniulizia?" Nasema ndiyo. Anatingisha kichwa, anatoka nje anazunguka nyumba. Una nini naye, dada? Sweta zinauzwa, chumba kimoja hakikosekani.

Lakhbir


Nakuru
19 Februari 2024

Lakhi,

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Paa limezibwa. Kikohozi cha Rajni, achemshe na karafuu.

Barua ya kwanza ulimwita "huyu mtu". Ya pili "Jenerali". Sasa ni "Tarsem". Nimeona.

Hakukuwa na rangi. Sweta ziko dukani, mahali pake. Mbwa alikufa mwaka juzi.

Dada yetu Davinder alipolazwa Chandigarh, wewe ulikuwa na upasuaji wako wa moyo, nikaenda mimi. Nilikaa naye mpaka mwisho. Kila mlango ulipofunguliwa alinong'ona, "Amefika?" Akiingia muuguzi: amefika? Akiingia mfagiaji: amefika? Nilimpigia simu mumewe kwa mkono wangu. Alikuwa juu ya lori, akitafuta kura zake, hata sauti yake sikuisikia vizuri kwa ngoma. Akasema, "Mwambie nakuja baada ya mkutano wa jioni." Alifika kesho yake. Davinder alikuwa ameshafunikwa. Aliingia na shada la maua shingoni, amesahau kulivua. Na unajua alinifanyia nini mimi niliyekuwa nimekaa pale na mkono wa dada yangu? Alinipigia saluti. Saluti, Lakhi.

Tangu siku hiyo, miaka sita, sijamwambia neno.

Mwambie au usimwambie. Lakini usiniombe tena chumba.

Balwinder


Castle Vale
11 Machi 2024

Dada Balwinder,

Nimeanza barua hii mara tatu. Salamu ni zilezile, na Rajni amepona kwa karafuu zako.

Sikuyajua. Mlipoleta habari za msiba mimi nilikuwa na mipira puani, na baadaye nilidhani ukimya wako ni huzuni tu. Ningejua, nisingekuchekesha.

Nilimwambia. Jumatano, watu wote wakiwa wameondoka, tuko wawili na viti. Nilimtafsiria neno kwa neno, na sikulainisha kitu. Alisikiliza amekishika kiti kimoja mkononi. Nilipomaliza, alisema, "Ni kweli yote. Ila mikutano ilikuwa miwili. Mwambie, nilihudhuria yote miwili." Kisha akaendelea kukunja. Tangu siku hiyo hakuna filimbi alfajiri. Rajni ndiye aliyelalamika. Anasema sasa anachelewa kuamka.

Ningependa kuishia hapo, lakini kuna jambo. Mpaka umechafuka tena huko kwao, na kile kituo cha televisheni kimempigia. Wanataka majenerali wote, hata waliochakaa. Yule wa tai nyekundu mwenyewe alizungumza naye, asali mdomoni. Atatangaza kuwa Jenerali alieleweka vibaya. Picha itarudi ukutani. Chama nacho kinamwuliza kama bado ana nia ya ubunge. Wanachotaka ni ile idadi ya siku, basi.

Na amekubali, dada. Amepeleka suti kwa dobi, amezing'arisha medali kwa dawa ya meno. Wataunganishwa naye moja kwa moja Jumatano hii kutoka ukumbini, kwa sababu mtandao wa nyumbani unakufa Rajni akitazama tamthilia zake. Nilimwambia, "Tarsem, usifanye." Akanijibu kuwa mimi ni raia wa kawaida. Nimekasirika, na chakula cha jioni nimekula chumbani.

Naipeleka barua hii posta kabla sijajua mwisho wake.

Lakhbir


Nakuru
17 Machi 2024

Lakhi!

Magoti mazuri, duka zuri, kila kitu kizuri, tuache salamu. Barua yako ya mwisho niliyonayo ni ya Januari, lakini haidhuru, maana nimewaona nyote kwenye televisheni yangu.

Nilikuwa nakunywa chai. Mara namwona huyo, medali kifua kizima, na nyuma yake meza ndefu, vikongwe kumi, na wewe umebeba sinia! Nilikupigia kelele ugeuke, kwa sababu shati lako lilikuwa limetoka nyuma.

Yule kijana wa tai akaanza. Jenerali shujaa, Jenerali simba, siku ngapi, tupe idadi, taifa linangoja! Anabamiza meza. Tarsem anafungua mdomo, hajatoa neno, anabamiza tena. Ndipo mwanamke mwenye mtandio wa zambarau akaingia kutoka pembeni, akainama mpaka uso wake ukajaa skrini yote, akasema: "We kijana, unamfokea nani? Mzee wa watu amekuja kututengea viti, unambwatukia kama amekuibia kuku! Huna mkubwa kwenu?"

Kiswahili, Lakhi! Kwenye televisheni ya Delhi! Chai yangu yote iliishia kwenye zulia.

Kijana akapoteza rangi. Akauliza, "Jenerali, huyu mama ni nani? Ni afisa wa usalama?" Na Tarsem, uso mkavu kabisa: "Huyu ni mwenyekiti wangu. Anasema, punguza kelele."

Yule mpumbavu hakukoma. "Sawa, Jenerali, lakini siku ngapi?"

Nilitaka kuizima. Mkono ulikuwa kwenye rimoti. Akasema, taratibu, na bila ile sauti yake ya gwaride: "Mke wangu aliniita nyumbani, nikamwambia baada ya mkutano. Nikachelewa. Mtu kama mimi msimwulize hesabu ya siku. Tena msimwulize jambo lolote linalohusu watoto wa watu." Huyo mama akaita "Viti!", naye akainuka akaondoka kwenye skrini, tukabaki tunakutazama wewe na sinia. Halafu wakaweka tangazo la dawa ya meno.

Nilikaa palepale mpaka muuza maziwa akagonga.

Sijamsamehe. Naandika wazi ili usije ukaelewa vingine. Lakini niambie, huyo mama ndiye Bi Mize?

Balwinder


Castle Vale
22 Aprili 2024

Dada,

Sat Sri Akal. Ndiye. Amefurahi kusikia alionekana Nakuru, ila anasema Kiswahili chetu cha bara kinamwumiza masikio na tusimwige. Rajni hajambo, na sukuma wiki imeota hadi kwenye ndoo.

Upande wetu wa kamera ulikuwa hivi. Bi Mize hakujua kuna televisheni. Alidhani yule kijana ni mtu wa kaunsili aliyepiga simu ya video kulalamika habari ya kile kipaza sauti cha uchaguzi. Mpaka leo amekataa kuamini kuwa alisikiwa na mamilioni. Anasema wangekuwa wengi hivyo, angalau mmoja angemwitikia.

Baada ya pale simu ya Tarsem haikunyamaza. Wengi walimtukana. Chama kimemwondoa mara ya pili, ingawa kadi walikuwa hawajamrudishia. Halafu akapiga mzee mmoja aliyekuwa askari wake kule mtoni, mwaka sabini na moja. Hakusema lolote la televisheni. Aliuliza tu kama miguu bado inamwuma wakati wa baridi. Tarsem alizungumza naye muda mrefu, nikamsikia akisema, "Hapana, wewe unakumbuka vizuri. Yalikuwa ya magotini."

Sasa nisikilize. Amekata tiketi. Masanduku anayaacha kwangu. Nilimwambia nitakuomba ruhusa, akakataa katakata. Anasema mtu hawezi kuomba ruhusa ya kuja kutukanwa. Ameniagiza nikupe onyo tu, ili usije ukaonewa kwa kushtukizwa. Atafika kwako tarehe kumi Mei. Ukimfungia geti, atalala hotelini na kurudi kesho yake, na keshokutwa.

Nyumba itakuwa kimya. Rajni ameanza kuzipanga chupa zake kwa urefu, na nikimwuliza anasema hajui nazungumzia nini.

Usimwumize sana. Au mwumize, lakini umrudishe.

Lakhbir


Nakuru
20 Mei 2024

Lakhi mdogo wangu,

Barua yako ya onyo imefika leo asubuhi. Yeye alifika siku kumi zilizopita. Posta ndiyo adui wa kweli wa jeshi.

Mimi mzima, isipokuwa sina sauti, ndiyo maana simu zako sipokei. Nakueleza ilivyokuwa.

Nilikuwa nafagia mbele ya geti. Teksi ikasimama, akashuka na mkoba mmoja na kilemba kimekaa upande. Hakupiga saluti. Alisimama tu, akasema kwa Kipunjabi, "Balwinder, nimechelewa."

Sikumkaribisha, wala fagio sikuliweka chini. Nilianza palepale. Nilianza kwa Kipunjabi, lakini matusi yakaniishia mapema, nikaingia Kiswahili, na hapo mtaa wote ukaelewa. Waendesha bodaboda wakazima pikipiki. Asmahan wa duka la simu akafunga duka akaja kusimama karibu. Muuza mboga akamletea Tarsem kigoda, mzee akae. Akakikataa kwa mkono, akamwambia, "Bado." Kwa Kiswahili, Lakhi! Maana yake mimi bado sijamaliza. Na kweli nilikuwa sijamaliza.

Kijana mmoja wa bodaboda akauliza, "Kwani mama, huyu mzee alikufanyia nini?" Nikawaambia wote. Lori, ngoma, "Amefika?", shada la maua, kila kitu. Wakamgeukia, Asmahan akamwuliza kwa Kiingereza: "Mzee, ni kweli hukufika?"

Akawajibu, "Sikufika."

Hata mikutano miwili hakuitaja. Hiyo nilikuwa nimeshaisoma kwenye barua yako. Nikataka kuendelea, nikafungua mdomo, sauti haikuwepo. Ilikuwa imekatika kama uzi. Nikabaki nalia bila mlio, na fagio mkononi, mbele ya bodaboda kumi. Naye alikuwa analia. Yule muuza mboga akanipa kigoda mimi.

Daktari amenikataza kusema. Kwa hiyo duka analishika yeye, wakati huu watoto wanaporudi shule kwa muhula wa pili! Anawapanga kwa urefu mpaka nje kwenye baraza, anawapima mabega, anawaambia "Kelele bado! Kelele bado!" na hakuna anayejua maana yake lakini wananyamaza. Akina mama wanampenda. Ameuza soksi ambazo sijaziuza tangu marehemu mume wangu yuko hai.

Sijui kama nimemsamehe. Nilipokuwa na sauti nilijua kila kitu; sasa sina uhakika.

Lakini jioni ya tatu, tukila, aliniuliza jambo. Alisema, miaka arobaini na nne ya ndoa, na mingi kati ya hiyo alikuwa kwenye milima, na iliyobaki alikuwa kwenye majukwaa. Kwamba wenzake wa klabu anaweza kuwataja vyeo vyao vyote, lakini hajui Davinder alikuwa mtoto wa namna gani. Akaniuliza kama ninaweza kumweleza.

Kwa hiyo kila jioni, baada ya chakula, anasogeza kiti karibu na mimi namnong'oneza. Nimeanzia mbali kabisa, kwenye yale aliyonihadithia mama, kisha nikaingia kwenye ninayoyakumbuka mwenyewe. Jana tulikuwa kwenye ile siku Davinder alipokukata nywele kwa mkasi wa mama, pale uani Kisumu, ili ufanane na mtoto wa jirani, na baba, ambaye kwake nywele zetu zilikuwa haramu kukatwa, akakaribia kuzimia. Tarsem alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniuliza, alivaa nguo gani siku hiyo? Na mimi nilikuwa naikumbuka. Ilikuwa ya manjano.

Tumefika darasa la tatu tu, Lakhi, na dada yetu aliishi miaka sitini na minane. Usimngoje hivi karibuni.

Dada yako,
Balwinder